Pointi Nne za Indianapolis

Ohio State ilipoingia Indianapolis tarehe 6 Desemba 2014 kupigania ubingwa wa jumuiya ya Big Ten katika futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, ilikuwa imekwisha kuwapoteza makwotabeki wawili: Braxton Miller, aliyekuwa mshambuliaji bora wa jumuiya hiyo kwa miaka miwili mfululizo, aliumia bega mwezi wa Agosti kabla ya msimu kuanza, na J.T. Barrett, kijana aliyeirithi nafasi yake akachangia tachidauni 45 kwa kurusha na kukimbia, alivunjika kifundo cha mguu juma moja kabla, katika mechi na Michigan. Aliyebaki ni Cardale Jones, ambaye hakupata kuanza mechi hata moja tangu afike chuoni, na wenye maduka ya kamari wa Las Vegas, baada ya kuyatia hayo yote mizanini, wakaipa Wisconsin ubora wa pointi nne hivi. Nataka kuzichambua pointi nne hizo. (Msomaji ambaye dini yake imemharamishia kamari na ayachukue haya kuwa ni somo la hisabu ya dhana, kwani hisabu yenyewe haina dhambi.)

Handikapu, yaani ubora huo wa pointi, ambayo aghalabu husemwa kuwa ilibuniwa na Charles McNeil, mwalimu wa hisabati aliyegeuka mbashiri huko Chicago katika miaka ya 1940, haimwulizi mtu nani atashinda, bali atashinda kwa tofauti gani. Aliyeiwekea Wisconsin dau lake alihitaji ushindi wa pointi tano au zaidi. Aliyeiwekea Ohio State angelipwa hata kama timu yake ingefungwa kwa tatu. Na tofauti ya nne kamili ingewarudishia wote fedha zao. Na kwa kuwa desturi ni kutoa dola 11 ili kupata faida ya dola 10, mbashiri hana budi kupatia mechi 11 katika kila 21, yaani zaidi kidogo ya asilimia 52, ili asipate faida wala hasara. Fauka ya hayo, mechi nyingi huishia kwa tofauti ya tatu, ambayo ni thamani ya teke la goli, au ya saba, ambayo ni tachidauni na nyongeza yake, hata pointi moja inayozivuka namba hizo ikawa na uzito kuliko nyingine. Nne, basi, haikuwa namba ya mzaha: ilimkinga mwenye kuiamini Ohio State na teke la dakika ya mwisho.

Kosa la pointi hizo nne, kwa maoni yangu, lilikuwa katika namna ya kumpima majeruhi. Umma humpima kwa jina lake na kwa sifa alizokwisha kujikusanyia, ilhali kinachopasa kupimwa ni tofauti baina yake na yule atakayesimama mahali pake, tena katika kazi ile hasa ambayo kocha atamtaka aifanye. Na tofauti hiyo hupungua au kuongezeka kwa kadiri ya watu waliomzunguka. Ushahidi ulikuwepo tangu Septemba. Barrett huyo huyo, katika mechi yake ya pili, alifungwa na Virginia Tech 35 kwa 21, akaangushwa mara saba na mipira yake mitatu ikanyakuliwa, si kwa uhaba wa kipaji chake, bali kwa sababu wanne katika watu watano wa safu iliyokuwa mbele yake walikuwa wapya. Kufikia Desemba safu ile ile ilikuwa imekomaa, na kukomaa kwake hakukuvunjika pamoja na kifundo cha Barrett.

Kocha Urban Meyer na msaidizi wake Tom Herman hawakumtaka Jones aige miguu ya Barrett. Jones alikuwa pandikizi la mtu mwenye mkono wa kurusha mbali, basi wakamwachia Ezekiel Elliott kazi ya kukimbia, akapata yadi 220, na kila Wisconsin ilipojisogeza mbele kumzuia, mpira ulirushwa nyuma yao kwa Devin Smith, aliyefunga tachidauni tatu. Mapumzikoni ilikuwa 38 kwa 0, na mwisho 59 kwa 0. Melvin Gordon wa Wisconsin, ambaye mwezi uliotangulia alikimbia yadi 408 dhidi ya Nebraska, alizuiwa kwa 76. Na ulinzi uliomzuia haukuwa na majeruhi hata mmoja wa kuzungumzwa magazetini, ndiyo maana haukuzungumzwa.

Haifai, hata hivyo, kuichukua 59 kuwa burhani, kwani mechi moja yaweza kumtukuza mjinga na kumfedhehesha mwenye hekima. Linalonishughulisha zaidi ni lililofuata: baada ya usiku ule, katika mechi mbili zilizofuata za Ohio State, Alabama ilipewa ubora wa pointi nane hivi, na Oregon wa sita hivi, Ohio State ikashinda 42 kwa 35, kisha 42 kwa 20. Jina la Barrett liliendelea kukatwa katika hisabu ilhali pengo lake lilikwisha zibwa.

Mizani hiyo hiyo huelemea upande wa pili pia. Jordan Travis wa Florida State alipovunjika mguu Novemba 2023, timu yake ilishinda mechi mbili zilizofuata kwa nguvu ya ulinzi, ikafikisha ushindi 13 bila kushindwa, na bado kamati ya kuchagua timu ikainyima nafasi ya kuwania ubingwa wa taifa. Hapo ndipo hasara ya kweli ilipoanza, kwani wachezaji kwa makumi walijitoa, wengine wakijihifadhi kwa ajili ya ligi ya kulipwa na wengine wakihamia vyuo vingine, na Georgia ikawafunga 63 kwa 3. Aliyeihesabu mechi ile kwa mguu wa Travis peke yake alihesabu sehemu ndogo kabisa ya waliokosekana.

Tangu 2023 Big Ten huzitaka timu zake zitangaze, saa mbili kabla ya mechi, nani hatacheza. Orodha hiyo humtaja asiyekuwepo. Wa kuchukua mahali pake, na safu itakayomkinga, mbashiri hubakia kuwatafuta mwenyewe.