Kidole Kilichommeza Mtume

Kuna wahusika wenye bahati mbaya. Mwandishi anawaumba wakiwa na sura tatu nne, wasomaji wanashika sura moja tu na kuigeuza jina. Ndivyo alivyofanyiwa Mtume Tomaso. Mtaje popote penye Wakristo, utasikia: "Aa, yule asiyesadiki!" Habari imekwisha. Kijana akiuliza swali gumu katika mafundisho ya dini, anaambiwa asiwe Tomaso. Mtu akitaka kuona kwanza ndipo akubali, Tomaso huyo! Yaani jina la mtakatifu mwenye siku yake katika kalenda ya Kanisa (tarehe 3 Julai kwa Wakatoliki wa Kirumi tangu kalenda ilipopangwa upya mwaka 1969, zamani ilikuwa 21 Desemba) limegeuka kuwa fimbo ya kuwachapia wenye maswali.

Hoja yangu katika makala hii ni kwamba fimbo hiyo haikuchongwa na wahubiri peke yao. Wasanii nao wana mkono wao. Basi tuzitazame kazi chache zilizozaliwa na ibada kwa Mtume huyu, tuone nani kamtendea haki na nani kamwonea.

Tuanze na matini yenyewe. Injili ya Yohana inampa Tomaso nafasi ya kusema zaidi ya mara moja. Katika sura ya 11 Yesu anataka kurudi Uyahudi, mahali ambapo nusura apigwe mawe. Wenzake wanasita. Tomaso ndiye anayewahimiza waende wakafe pamoja naye. Sasa huyo ndiye dhaifu wa imani? Katika sura ya 14 Yesu anaeleza kwamba wanaijua njia ya kule aendako. Tomaso anasema wazi kwamba hawajui hata aendako, sembuse njia. Swali hilo ndilo lililozaa jibu maarufu la Yesu kujiita njia. Kumbe bila mwuliza swali tungelikosa jibu!

Ndipo inakuja sura ya 20. Tomaso hakuwapo Yesu alipowatokea wenzake mara ya kwanza, na anasema hatasadiki mpaka aone alama za misumari na atie mkono wake ubavuni. Watu wanasahau kwamba wenzake walikwisha kuonyeshwa mikono na ubavu siku ile. Tomaso alidai kile kile ambacho wengine walipewa bila kuomba. Baada ya siku nane Yesu anakuja tena na kumwalika aguse. Hapa, ndugu msomaji, soma polepole. Injili haisemi popote kwamba aligusa. Inasema alijibu, akamkiri Yesu kuwa Bwana wake na Mungu wake. Kati ya mwaliko na jibu kuna pengo. Mwandishi kanyamaza, na ukimya huo ndio uliowaita wasanii.

Aliyeujaza ukimya huo kwa nguvu kuliko wote ni Caravaggio, mchoraji wa Italia. Picha yake aliichora mnamo 1601 hadi 1602, na leo imo katika jumba la Sanssouci, Potsdam, Ujerumani. Nakala zake zimetapakaa vitabuni, na pengine umewahi kuiona. Ina vichwa vinne tu vilivyosongamana kwenye giza. Hakuna mandhari, hakuna malaika. Tomaso ana makunyanzi kwenye paji la uso, na nguo yake imefumuka mshono begani kama ya mtu wa kibarua. Kidole chake kimezama ndani ya jeraha. Si kwamba kinakaribia, la hasha, kimezama, mpaka ngozi imeinuka juu yake. Ukiitazama unajisikia kukunja uso.

Kwa upande wa fani, picha hii haina mpinzani. Caravaggio aliwashusha mitume kutoka mawinguni akawafanya watu wa mtaani, na uhalisia wake unamfanya mtazamaji awe mtu wa tano katika kundi lile. Tena kuna jambo la huruma ambalo wengi hawalioni. Yesu mwenyewe ameshika mkono wa Tomaso kwenye kifundo na kuuongoza. Hamsukumi mbali mwenye shaka, bali anamsogeza. Kwa hilo peke yake nampa Caravaggio heshima yake.

Lakini kwa upande wa maudhui nina ugomvi naye. Kidole kile kimemmeza mtu mzima. Yule aliyekuwa tayari kufa hayupo, na yule aliyeuliza njia hayupo. Hata lile kiri kubwa la mwisho halipo, maana mdomo umefungwa na macho yamezama katika uchunguzi. Tomaso amebaki kuwa kile tunachokiita mhusika bapa: ana sifa moja, na sifa yenyewe ni kidole.

Kuna njia nyingine, nayo ilikuwapo zaidi ya miaka mia moja kabla ya picha hiyo. Nenda Florence, kwenye jengo la Orsanmichele. Hapo Andrea del Verrocchio alisubu sanamu mbili za shaba, Yesu na Tomaso, zilizowekwa mwaka 1483. Shubaka lenyewe lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya sanamu moja tu, hivyo wawili hawakutosha. Verrocchio akafanya nini? Akamweka Yesu ndani na Tomaso nje kidogo, mguu wake ukiwa umetokeza ukingoni upande wa barabara, upande wetu sisi wapita njia. Mkono wa Tomaso unaelekea kwenye ubavu, lakini haujafika. Umesimama katika pengo lile lile aliloliacha Yohana.

Na nani waliolipia kazi hii? Mahakama ya wafanyabiashara wa mji ule. Watu waliokaa kutwa wakisikiliza kesi za madeni na mikataba walimchagua mtume aliyedai ushahidi. Kwao kutaka kuona kabla ya kuamua haikuwa dhambi. Ilikuwa ndiyo haki yenyewe! Pima mwenyewe tofauti: Tomaso yule yule, kwa mhubiri ni mfano wa kuepukwa, kwa hakimu ni mfano wa kufuatwa.

Rembrandt naye, katika picha yake ya 1634 iliyoko katika jumba la makumbusho la Pushkin, Moscow, hakukubali kidole. Tomaso wake amerudi nyuma kwa mshtuko mbele ya mwanga unaotoka kwa Yesu. Kuona kumetosha, na mkono hauna kazi tena.

Hadi hapa tumekuwa Ulaya. Lakini ibada kwa Tomaso ina makao mengine ya zamani sana, nayo ni India ya kusini. Wakristo wa Kerala wanaojiita Wakristo wa Mtakatifu Tomaso wanashika mapokeo kwamba Mtume alifika pwani yao mwaka 52, akaanzisha makanisa saba, kisha akauawa kwa mkuki huko Mylapore, katika Chennai ya leo, mwaka 72. Hayo ni mapokeo, na wanahistoria wanaendelea kubishana. Lakini kwa sanaa mapokeo ni udongo tosha wa kufinyangia. Angalia kejeli yake: aliyetaka kuona jeraha la mkuki akaishia kupata la kwake.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Sanaa ya kale ya Wakristo hao haikushughulika na kidole. Misalaba yao ya mawe, kama ule wa Mlima wa Mtakatifu Tomaso karibu na Chennai wenye maandishi ya Kipahlavi, haina mwili wa Yesu wala jeraha. Ni msalaba mtupu unaochipua kama mmea. Na wanao mchezo uitwao Margamkali: wachezaji 12 wanaizunguka taa, taa ikiwa mfano wa Kristo na wachezaji mfano wa mitume, huku wakiimba safari na kazi za Tomaso. Neno "margam" maana yake ni njia. Njia! Lile swali la sura ya 14 ambalo Caravaggio hakuwa na habari nalo, huku limekuwa jina la mchezo mzima. Tena Tomaso wa nyimbo hizo ni fundi. Masimulizi yanatokana na kitabu cha Matendo ya Tomaso cha karne ya 3, ambacho hakimo katika Biblia. Humo Tomaso anagoma kwenda India, Yesu anamwuza kwa mfanyabiashara kama mtumwa, mfalme anampa fedha za kujenga jumba, naye anazigawa kwa maskini na kudai jumba limejengwa mbinguni. Huyo ni mhusika duara hasa: mkaidi, mtumwa, fundi, na mjanja kidogo.

Pwani yetu nayo inagusa hadithi hii kwa mbali. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, Wareno walikuta mabaharia wa Kihindi, wakawaonyesha picha ya Bikira Maria pamoja na mitume. Wahindi wakainama kuiheshimu, na Wareno wakashangilia kwamba wamewapata Wakristo wa India. Inaelekea walikuwa Wahindu waliokuwa na adabu tu mbele ya picha takatifu ya wageni. Waliosifika kwa imani walitazama juu juu, hawakuuliza swali hata moja. Laiti Tomaso mmoja angelikuwamo jahazini!

Atatokea mtu aseme: "Lakini Yesu mwenyewe aliwasifu wasioona wakasadiki." Kweli, imeandikwa. Ila tujitazame. Mifupa inayosadikiwa kuwa ya Tomaso ilipelekwa Ortona, Italia, mwaka 1258, na waumini wanaiendea mpaka leo. Kaburi lake huko Mylapore lina kanisa kubwa juu yake, na Papa Yohane Paulo II alisali hapo mwaka 1986. Kule Prato, Italia, unatunzwa mshipi ambao masimulizi yanasema Bikira Maria alimdondoshea Tomaso alipopalizwa mbinguni, kwa kuwa Mtume huyu alichelewa tena, na Donatello alishiriki kuchonga mimbari ya kuuonyeshea. Haya yote ni nini kama si hamu ya kuona na kugusa? Tunamlaumu Tomaso kwa kutaka kugusa, halafu tunapanga foleni kugusa mifupa yake. Ibada yenyewe inamtetea kuliko mahubiri.

Kwa wenzangu tunaochipukia katika uandishi, naona somo ni moja. Pengo katika hadithi lina thamani yake. Ukilijaza kwa kishindo kama Caravaggio, unaweza kupata kazi kubwa, lakini uhesabu na gharama: msomaji atakumbuka kishindo na kumsahau mtu. Verrocchio aliuacha mkono hewani, na baada ya miaka zaidi ya 500 bado tunangoja kuona utafika au hautafika. Mimi namchagua Verrocchio.

Na kwa walimu wa dini neno langu ni fupi. Mnapomwambia kijana asiwe Tomaso, kumbukeni mnamkataza kuwa nani: aliyejitolea kufa wakati wengine wanasita, na aliyeuliza njia wakati wengine wamenyamaza. Mwenye maoni tofauti na aandike, ukurasa ni wetu sote.