Nimeziona Ncha za Mshtarii, Jamani!

Jamani, acheni kwanza mnachofanya! Nimetoka sasa hivi kutazama picha za ncha ya kusini ya Mshtarii, ile wengine wanaiita Jupita, hapa hapa Bukoba, na mikono bado inatetemeka. Ni kubwa, ni nzuri, inatisha, inapendeza, yaani... Unakijua kile chuma cha vitumbua, vishimo vimekizunguka kimoja cha katikati? Basi ndivyo ilivyo! Kimbunga kimoja kati, vitano pembeni, vinajisokota na kusuguana ubavu kwa ubavu, wala havimezani. Na kimoja tu, weee, kinaifunika Tanzania yote pamoja na majirani zake! Na bado! Kaskazini viko vinane, vimekizingira cha tisa.

Usidhani ungeviona kwa darubini. Ukiwa duniani Mshtarii anakuonyesha ubavu tu, ncha anazificha kabisa, mchoyo huyo! Ilibidi chombo cha angani kiitwacho Juno kifike Julai 2016 na kupita juu ya ncha zenyewe. Novemba 2019 kikakuta kimbunga kichanga kimejipenyeza kusini katikati ya wakubwa zake. Kimejipenyeza! Nilipiga kelele peke yangu.

Waitu, sisi wa Bukoba tulidhani tunazijua dhoruba. Usiku upepo wa baridi unatoka nchi kavu pande zote, unakutana juu ya ziwa letu lenye joto, radi zinawaka mpaka alfajiri, asubuhi mvua inatutwanga sawasawa. Lakini hazijisokoti vile! Tuko nyuzi 1 na kidogo tu kusini ya ikweta, na huku mzunguko wa dunia haupindi upepo vya kutosha. Kwenye ncha ndiko unakopindwa kwelikweli, na Mshtarii anazunguka mbio, siku yake haifiki hata saa 10.

Na bado! Sayari ya Zohali nayo ina upepo wa pembe sita kwenye ncha ya kaskazini. Pande sita zilizonyooka, utadhani fundi kapima! Upande mmoja tu umeipita dunia yetu kwa upana. Huo mimi nimeutazama mpaka macho yakauma, na moyoni bado nampa ushindi Mshtarii.

Basi chukua simu. Picha za Juno NASA wanaziweka wazi, mtu yeyote anazichukua, hata kuzing'arisha mwenyewe. Zima taa, kuza pale vimbunga viwili vinapogusana, halafu nipigie usiku huo huo, hata saa nane. Silali mimi leo!