Mlazo wa Cooper Black Ulichorwa, Haukuinamishwa

Chukua herufi o ya fonti ya Cooper Black iliyosimama, ikuze hadi ijae skrini, kisha iamuru kompyuta iilaze bila kuwa na fonti yake halisi ya mlazo. Kompyuta itaisukuma sehemu ya juu kuelekea kulia, basi. Sasa tazama unene. Juu kulia na chini kushoto pamevimba, na pande mbili zilizobaki zimekonda. Katika herufi nyembamba jicho lingesamehe. Hapa haliwezi, kwa sababu o hii tangu mwanzo imeegemea nyuma, na unene wake umekaa palepale kompyuta inapoongeza. Tundu la katikati, dogo kama punje ya harage, linabanwa na kuwa ufa.

Oswald Cooper, mchora herufi wa Chicago, alikwenda njia nyingine. Cooper Black ilitolewa mwaka 1922 na Barnhart Brothers & Spindler, kiwanda cha herufi za risasi cha mji huohuo, ikapendwa mno na watu wa matangazo. Mlazo ulifuata miaka michache baadaye, nao aliuchora upya. Ushahidi uko kwenye a ndogo. Ile iliyosimama ina tumbo chini na kipindo juu yake. Ya mlazo ina tumbo moja tu, kama tunavyoiandika kwa kalamu. Kipindo kilipoondoka, tundu likapata pa kupumulia. Kwetu hilo si jambo dogo, maana maneno yetu yamejaa a: andika “maandazi” kwenye bango la mgahawa, utaona zote tatu zimebaki wazi.

Serifu, vile vijiguu vya ncha za herufi, hazina kona hata moja. Ni za mviringo, kama mawe yaliyolambwa na maji. Mguu wa namna hiyo ukiishia sawasawa na mstari huonekana unaelea, kwa hiyo huzamishwa chini yake kidogo sana. Nao mkia wa g au p ni mfupi, ndiyo maana mistari miwili ya kichwa cha habari inaweza kubanana bila kugongana. Mimi naona hapo ndipo ufundi wake mkubwa ulipo: wino mwingi hivyo, na bado neno linasomeka upesi.

Toleo lililosimama ndilo lililovuma, hadi kwenye jalada la albamu ya Pet Sounds ya bendi ya The Beach Boys mwaka 1966. Mlazo una kazi yake: neno moja au mawili, makubwa, juu ya duka la mikate, lebo ya jemu, kadi ya harusi. Usiupe aya nzima. Na ukitumia herufi kubwa zenye mikia ya mapambo, weka moja tu mwanzoni mwa neno. Zikifuatana mikia hugombana, na jina la bibi harusi halisomeki tena.