Mpini na Makali

Shoka lisilo mpini halichanji kuni, ndivyo walivyosema wahenga. Kila chombo cha mwanadamu kina pande mbili: upande uelekeao kazi, na upande uelekeao mkono. Makali hukutana na mti; mpini hukutana na mtu. Nasi twaona ya kuwa wanadamu wamezidi kunoa makali ya vyombo vyao, walakini mipini wameiacha nyuma.

Zamani mpini ulichongwa na fundi aliyekijua kiganja cha mwenye shoka. Ukimwumiza, alimrudia fundi, nao ukalainishwa siku ile ile. Lakini mashine zilipokuja, fundi na mtumiaji wakawa mbalimbali, wala hawajuani. Tazameni mashine ya kupiga chapa, yaani taipureta. Christopher Sholes wa Marekani na wenzake waliandikishiwa haki ya ubunifu wao mwaka 1868, na mashine ikaanza kuuzwa mwaka 1874. Leo vile vyuma na utepe wa wino havimo katika simu zetu, lakini mpango wa herufi ni ule ule, nao haukufanywa kwa ajili ya Kiswahili. Herufi Q, ambayo lugha yetu haina haja nayo, imekalia kiti cha kwanza. Na A, tuitumiayo kuliko zote, imesukumwa pembeni kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

Hilo ni jambo dogo, maana vidole huzoea. Liko kubwa zaidi. Simu za vifungo zilikuwa na kipele kidogo juu ya tarakimu 5, hata kipofu akajua mahali kidole chake kilipo. Tangu mwaka 2007, ilipotoka simu ya iPhone, kioo kimeshika mahali pa vifungo katika simu nyingi. Kioo ni laini kila mahali. Kidole hakiambiwi neno. Ni kweli kwamba mwaka 2009 simu hiyo ilitiwa sauti ya kuwasomea wasioona, nasi twasifu. Lakini angalieni mfuatano: kwanza chombo kiliuzwa, kisha ndipo wasioona wakakumbukwa.

Sasa tuje kwenye fedha. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Mtu aliye mjini humpelekea mama yake kijijini fedha kwa dakika moja, wala hamtafuti msafiri wa kumwaminia bahasha. Makali hayo ni ya ajabu, na asiyeyashukuru hana haki. Lakini mpini wake je? Ni orodha ya maandishi madogo yenye tarakimu, isomwe na kujibiwa upesi. Mtu akikawia, katika simu nyingi hujifunga, naye huanza tena. Mwishoni hutakiwa nambari ya siri. Basi bibi ambaye macho yake yamefifia hufanyaje? Humpa mjukuu simu, na nambari pia. Hapo siri imekwisha, na akiba yake i katika uaminifu wa mwingine. Ikipotea, watu husema, "Bibi hajui simu." Sisi twasema simu haimjui bibi.

Wengine watajibu kwamba dawa ni kujifunza kusoma. Sisi walimu hatuwezi kulikataa neno hilo. Ndiyo kazi yetu. Lakini kusoma hakurudishi macho ya uzeeni, wala hakutulizi mkono utetemekao. Tena hatudai miujiza. Twataka sauti ya Kiswahili iwe mlango wa kwanza, imtajie bibi jina la mpokeaji na kiasi cha fedha, kisha imngojee. Na kabla chombo hakijauzwa, mafundi wakae na wazee wa namna hii, wawatazame wakikitumia, bila kuwashika mkono.

Hata yatakapofanyika hayo, nanyi wasomaji mna sehemu yenu. Mzee akiwaletea simu, msomeeni pole pole, msimcheke; na ifikapo nambari ya siri, mrudishieni simu, mgeuze uso, abonyeze mwenyewe, hata akikawia na kuanza mara tatu. Fedha ni zake, na siri ni yake.