Hongereni, mafundi wa gereji za Morogoro

Toyota iliacha kutengeneza Starlet mwaka 1999, lakini kwa mafundi wa Morogoro gari hiyo ndogo haijafika mwisho wa safari. Mtu huinunua ikiwa hoi, milango imeliwa na kutu, akawakabidhi wao. Hao ndio ninaowapongeza leo.

Mtazame fundi bodi. Hukwangua kutu mpaka bati ling'ae, hupaka pati, hupiga msasa wa maji. Kisha hufumba macho na kupitisha kiganja, maana kiganja hugundua bonde ambalo jicho halikuliona. Fundi injini naye huinamisha kichwa na kusikiliza mlio kabla ya kushika spana.

Kazi yao haina mzaha. Gari itakayopanda milima ya Uluguru inataka rejeta isiyovuja na klachi imara. Ikishuka, uhai wa waliomo uko kwenye breki.

Wengi walianza kama saidia fundi, wakiosha vipuri na kushika tochi. Leo nao wanafundisha vijana. Cha kale ni dhahabu, lakini kinahitaji mikono kama yenu, mafundi.