Pongezi kwa Wasokotaji wa Nanyuki

Akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers, huko chini ya Mlima Kenya, pokeeni pongezi kutoka Kasha, Bukavu. Tangu 1977 kikundi chenu kimeigeuza sufu ya kondoo kuwa riziki ya nyumba.

Kazi hii haina njia ya mkato. Sufu huoshwa mafuta yake yatoke, huchanwa kwa vitana vya meno ya waya, kisha husokotwa: mguu unaendesha gurudumu, vidole vinaamua unene wa uzi. Rangi nayo ina adabu zake. Katika utiaji rangi wa mimea, uzi huchemshwa kwanza na shabu ili rangi ishike. Maganda ya vitunguu hutoa manjano. Majani ya baadhi ya mikaratusi hutoa rangi ya machungwa. Joto la maji likibadilika ghafla, sufu hujikunja na kugandamana.

Nasi huku tuna baridi ya milima, mikaratusi, na akina mama wanaofuma masweta ya watoto kwa uzi wa dukani. Mmetuonyesha kwamba thamani huanza kabla ya sindano, katika kusokota na kutia rangi. Mungu aizidishie nguvu mikono yenu.