Ukingo wa Nishani

Kisumu kuna sonara mmoja mzee, mtu wa pete na mikufu, ambaye watu wa pwani ya ziwa humletea pia nishani za babu zao, zikiwa zimefungwa kwenye pindo la leso. Kitu cha kwanza nilichojifunza kwake ni kwamba Brasso haigusi. Fedha iliyoingia weusi huiacha na weusi wake, maana herufi anazozitafuta hazina kina, na kila msuguo huzila. Huisogeza nishani dirishani, akaizungusha polepole chini ya lenzi. Sura ya Mfalme George wa Tano haimshughulishi, wala yule mpanda farasi wa upande wa pili. Macho yake yako ukingoni.

Nishani ya fedha ya Vita Vikuu vya Kwanza ina kipenyo cha milimita 36, na ukingoni imepigwa chapa ya namba, cheo, jina na kikosi. Kabla ya kusoma, huipima kipenyo mahali kadhaa. Aliyefuta jina la mtu kwa tupa ili apige jingine huwa ameipunguza nishani, na kipimo humsema.

Sisi wengine hukimbilia jina. Yeye huliweka mwisho, na sasa naona kwa nini. Mjaluo aliyezaliwa jua likiwa utosini ni Ochieng, wa usiku ni Otieno, wa mvua ni Okoth. Karani wa jeshi mara nyingi aliandika jina hilo moja tu, bila la baba, tena vile sikio lake lilivyolipokea. Kina Ochieng wangapi walivaa sare? Namba ndiyo iliyomtenga huyu na wale. Lakini namba nayo haijitoshelezi: enzi hizo rejimenti zilijihesabia watu wake zenyewe, kwa hiyo namba moja iliweza kubebwa na watu kadhaa. Ndiyo sababu husoma kwanza alama zinazoizunguka. Kwenye "2/3 K.A.R." anayeona theluthi mbili amepotea. Hicho ni kikosi cha pili cha rejimenti ya tatu ya King's African Rifles, rejimenti ya huku kwetu. Ya nne ilikuwa ya Uganda.

Mtego unaonivutia kuliko yote ni herufi K. Meli za ziwani kama Winifred na Kavirondo zilifungwa mizinga, na Juni 1915 jeshi lilipanda meli hapa Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba. Sasa chukua nishani ya vita hivyo yenye K mbele ya namba. Nani kati yetu asingesema Kenya? Ila nchi hii ilipewa jina la Kenya mwaka 1920. K ilikuwa ya wanamaji wa Uingereza waliochochea moto wa boila. J ilikuwa ya mabaharia wa sitaha. Kwa herufi moja, mtu aliyekuwa jina tupu anashikishwa koleo la makaa.

Nyota ya Burma huirudisha upesi. Uingereza iliamua kutopiga majina kwenye nishani za Vita vya Pili, na vijana wa 11 KAR waliopita bonde la Kabaw mwaka 1944 walipewa nyota zisizo na neno mgongoni. Hapo huomba karatasi ya kuachishwa jeshi. Afrika Kusini ilipiga zake majina, ikatanguliza N kwenye namba za askari weusi. Namba za aina hiyo huzisoma kimya.

Siku moja nilimkuta na mama aliyetoka Karungu. Tarakimu ya tatu ilikuwa imelika. Sonara aliinamisha nishani huku na huku, akaweka karatasi nyembamba juu ya ukingo na kupitisha penseli, akarudia tena. Mama akachoka kungoja.

"Mzee, weka saba tu."

"Hapana, mama. Ikiwa ni moja, nitakuwa nimekupa babu wa watu."

Akaandika tarakimu mbili, akaacha nafasi, akaandika tarakimu ya mwisho, kisha kikosi, kisha jina kama lilivyopigwa, OCHENG, bila kuongeza I.